Radhi Niliyomnyima Fundi

Ijumaa, 18 Aprili

Daftari hili ni la vipimo. Kurasa za mbele ni vifua na viuno vya watu wa Kariobangi, huku nyuma kumebaki kweupe na mwenyewe, mume wangu Ubaid, fundi wa nguo, hataandika tena. Nitaandika mimi. Skuli sijaingia hata kwa kusindikiza mtoto. Herufi alinifunza yeye, kwa sababu alitaka mtu wa kuandika wakati ameshika tepu: kifua thelathini na nane, bega kumi na saba, mkono ishirini na nne. Neno la kwanza nililojua kuandika maishani mwangu ni kifua. Na kifua ndicho kilichomwondoa.

Jambo lenyewe niliandike mwenyewe, kabla wengine hawajalisema wanavyotaka. Jumanne, maiti imeletwa nyumbani haijaoshwa, wanaume waliomba mkasi wa kukatia sanda. Nikasema mkasi wa fundi uko kwenye droo ya cherehani, nikaenda kuutoa. Chini ya mkasi, katikati ya bobini za uzi, nikakuta karatasi nne za panadoli, zote zimeminywa, tupu.

Hosipitali walituambia mara tatu. Sista alimshika Ubaid bega akamwambia, baba, hii dripu ya kansa imekuondolea askari wa damu. Joto likifika thelathini na nane msingoje asubuhi, njooni hiyo hiyo saa. Na asimeze panadoli kwanza, inaficha homa. Nikampima kila siku asubuhi na jioni, na kila siku kipimajoto kinasema thelathini na sita na nusu. Nikamshukuru Mungu. Kumbe anameza kabla sijaja. Siku tano. Jumamosi akamwozesha mjukuu wetu, Jumatatu akaanguka, Jumanne alfajiri daktari akaniambia sumu imeingia kwenye damu yote, mngemleta mapema. Mngemleta.

Basi nimesimama na zile karatasi nimezifumbata, wanawake chumba kizima, arubaini hawapungui, wakaniuliza kama desturi: Bi Lela, mwenzio anakwenda, umemsamehe?

Nikasema sijamsamehe.

Nikasikia nyundo za mafundi wa sufuria kule chini. Wakauliza tena. Nikajibu vile vile. Amezikwa bila radhi yangu. Nina eda ya miezi minne na siku kumi, sitoki mlango huu. Wanaotaka kuniuliza tena wanajua ninapokaa.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Wageni wamekula pilau ya msiba mara mbili. Wengine mara tatu, niliwaona.

Jumanne, 22 Aprili

Kila anayeingia ana swali moja: alikuwa akivuta sigara? Alivuta, miaka ishirini, akaacha siku aliyozaliwa mjukuu wetu Khawla. Wakishasikia hivyo nyuso zinawatulia, kama mtu aliyekwenda kukagua mlango wake akaukuta umefungwa. Hakuna anayeuliza zile wiki kumi na sita alizomezeshwa dawa za kifua kikuu na kliniki ambayo haikumpiga picha hata moja, kumbe ni kansa. Leo mmoja nimemjibu: wangu alivuta, wako havuti, sasa yeye amepanga kufa na nini? Hayat akaja akaniondolea kikombe mkononi.

Hayat ni mjane wa mwanangu. Mwanangu alikufa kwa ajali miaka kumi na moja iliyopita, akaniachia yeye na binti yao, Khawla. Anapika, anafua, anakoga, analala. Hasemi. Simpendi mtu asiyesema, hujui anakuchukia saa ngapi.

Ijumaa, 25 Aprili

Amekuja Abdurahim, mdogo wake marehemu, ana duka la vitambaa Eastleigh. Mimi na yeye hatuwezi kukaa uso kwa uso nikiwa eda, kwa hiyo yeye yuko sebuleni, mimi chumbani, katikati pazia. Pazia alilishona nduguye.

"Shemeji, nimekuja kwa lile neno."

"Lile neno halipo."

Akasema amemwota kaka, amesimama kwenye foleni, wenzake wote wanapita, yeye anaambiwa ngoja. Nikamwambia amezoea. Kwenye foleni ya picha ya kifua, hosipitali, alisimama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na hakuna aliyeota.

 Nikasikia anavaa viatu.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua tangu jana. Ukuta wa jikoni umeanza kutoa jasho. Ubaid angesema ataupaka rangi wiki ijayo.

Ijumaa, 2 Mei

Amekuja. Nimekataa.

Jumatatu, 5 Mei

Teresiah wa nyumba ya mkono wa kulia ameniletea avokado sita na maneno. Anauza nguo za watoto za mitumba pale stejini, amezika mume kitambo. Ananiita kwa jina la mkwe wangu, anasema, "Mama Hayat, sisi tulilia wiki moja tukarudi soko. Nyinyi mnafungiwa ndani kama mtu ameiba."

Nikamweleza kisa cha radhi, maana yeye si wa dini yetu, hatanitolea hotuba. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Mimi wangu nilimsamehe mwaka wa sita. Na yeye hakuficha panadol, yeye alificha bibi mzima huko Njiru."

Nimekula avokado mbili. Ndicho chakula cha kwanza kilichonipita kooni bila kusukumwa na maji.

Ijumaa, 9 Mei

Amekuja na shehe. Shehe amesema maneno mazuri na ya kweli. Nimemwambia hivyo hivyo: maneno yako mazuri, na ya kweli, na sijamsamehe. Abdurahim akakohoa tu. Nikawaza, wewe huyu unataka nini hasa? Maiti ni wangu. Unakuja kwa mvua, kwa matope, unavua viatu, unaomba, unaondoka. Mtu haombi hivyo kwa ajili ya mwenzake.

Jumanne, 13 Mei

Khawla amekuja na mumewe Ridhwan, wamebeba keki. Nimemwambia Hayat awape chai na awaage. Msichana akasimama nyuma ya pazia.

"Nyanya, sasa mimi nimefanya nini?"

Hajafanya kitu. Ameolewa. Baba yake hayupo, kwa hiyo wali wake, msimamizi wa ndoa, ni babu, na babu alitaka kuitamka ile ndoa kwa mdomo wake mwenyewe, tena avae kanzu aliyoishona kwa mkono wake na bwana harusi avae nyingine aliyoishona kwa mkono wake. Alishona wiki nzima. Mguu kwenye cherehani, jasho linamtoka, mimi nikasema ni joto la bati. Alijua tukienda hosipitali watamlaza. Dripu ya pili walimlaza siku tisa, na mtu wa kitanda cha pili akafa akiwa ameshika sahani ya uji.

Kwa hiyo nikimwona Khawla naiona ile kanzu. Sikuinua pazia. Keki wamekula watoto wa Teresiah.

Ijumaa, 16 Mei

Amekuja. Nimekataa. Ameniachia doti ya kitambaa cheupe, kizuri. Nimemwambia Hayat akirudishe. Hayat hakukirudisha, nimekiona kabatini.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuja. Niliweka chai, ikapoa. Mtu mzima hana adabu, akishaamua kukusumbua awe anakusumbua kila wiki.

Ijumaa, 30 Mei

Amekuja, na leo naandika yote.

Alikaa muda mrefu hajasalimia. Nikajua yupo kwa kupumua. Nikamwuliza amekuja kulala? Akasema, shemeji, leo sijaja kwa radhi ya kaka. Nimekuja kwa yangu.

"Yako umenikosea nini?"

"Zile panadoli nilizinunua mimi."

Akasema Jumatano ile kabla ya harusi, Ubaid alimpigia simu akamwambia anasikia baridi kwenye mifupa. Akamwomba amletee panadoli na asiniambie. Nisaidie siku tano, Abdu, nimwozeshe mtoto wa mwanangu, baada ya hapo wanilaze hata mwaka. Abdurahim akaja nazo ndani ya bahasha ya vifungo vya kanzu. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nilimpa maji ya ndimu. Nikamwambia Mungu akujalie, shemeji, unamsaidia ndugu yako.

Nikashika pazia. Walahi lau lisingekuwa pazia la marehemu ningelichana. Nikamwambia atoke. Akasema shemeji nisikilize. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu, ashuke ngazi, na akikutana na mtu akimwuliza anatoka wapi aseme anatoka kuua.

Jumamosi, 31 Mei

Sijapoa. Kumbe ile ndoto ya foleni ilikuwa yake mwenyewe. Wiki tano anakuja kuniombea radhi ya maiti, anataka nikimsamehe mwenye kumeza, mwenye kuleta apite kwa mlango huo huo, kichwa chini, bila kuulizwa. Akamleta na shehe! Na kitambaa! Nimekitoa kabatini nikakikanyaga, halafu nikakiokota, kitambaa hakina kosa.

Nimemwita Hayat nikamwuliza, wewe ulijua? Akasema hapana. Nikamwuliza ungejua ungesema? Akakunja nguo alizokuwa akikunja. 

Ijumaa, 6 Juni

Iddi. Nyama imeletwa na majirani wanne. Marehemu alipenda figo. Nimempa paka wa Teresiah, na paka amejilamba kama bwana.

Ijumaa, 13 Juni

Abdurahim amekuja. Hayat hakumfungulia, nilimkataza. Akakaa ngazini, kwenye saruji, mpaka adhana ya alasiri. Teresiah akaja kuniuliza yule mzee amefanya nini.

Ijumaa, 20 Juni

Ngazini tena. Mvua zimekwisha, sasa ni baridi. Kwa tundu la mlango nimemwona amevaa koti la Ubaid. Nani alimpa? Hayat, tena. Yule mtoto hasemi lakini mikono yake inafanya anavyotaka.

Ijumaa, 27 Juni

Ngazini. Teresiah amempelekea chai, akasema kwa sauti nisikie, "Kunywa, mzee, hapa kwetu hata kuku hafi na baridi kwa ngazi."

Alhamisi, 3 Julai

Leo limetokea dogo na nimeshindwa kukaa.

Teresiah amekuja na mjukuu wake mchanga, Shirleen, miezi saba. Anasema mtoto amekuwa akilia, hebu Mama Hayat mguse, wewe mkono wako unajua. Kweli, wapangaji wa ploti yote huniletea watoto. Naweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso, nasema huyu ana homa, huyu meno yanatoka, huyu deko. Sijawahi kukosea.

Nikaficha mikono chini ya leso. Nikamwambia ampeleke kliniki akapimwe na vyombo. Akaniangalia kama nimetukana. Akaenda.

Mtoto alikuwa meno tu, amerudi kuniambia. Lakini mikono yangu sikuitoa mpaka magharibi.

Ijumaa, 4 Julai

Baridi kali. Yuko ngazini. Naandika hili nikiwa nimegeukia ukuta.

Ijumaa ile, siku moja kabla ya harusi, baada ya watu kurudi msikitini, Ubaid alikuwa anatia vifungo vya mwisho. Nikapita nyuma yake nikamshika shingo, nilivyozoea. Ilikuwa moto. Si moto wa bati. Moto wenyewe, ule unaokuja na kitu. Mkono wangu ulijua mara moja, kama unavyojua chumvi imezidi.

Nikachukua kipimajoto. Kikasema thelathini na sita na nusu.

Akanitazama. Mimi nikamtazama. Nyumba imejaa kunukia vitunguu, Khawla chumbani anapakwa hina, anacheka na wenzake. Nikasema, kipimajoto kinasema uko sawa. Akasema, wasomi wamekitengeneza hicho, Lela, wewe na mkono wako mnajua nini. Tukacheka.

Miaka arubaini na sita nimeuamini mkono wangu kuliko mtu yeyote, na siku ile moja nikaamua chombo kinajua zaidi. Kwa nini? Kwa sababu na mimi niliitaka ile harusi. Nilitaka kumwona na kanzu yake mbele ya watu. Nilitaka siku moja.

Yeye alimeza. Nduguye akaleta. Mimi nikashika nikaachia. Na katika sisi watatu mmoja tu ndiye aliyekuwa akisikia baridi kwenye mifupa.

Jumamosi, 5 Julai

Sikuandika vizuri jana. Lakini ni hivyo hivyo.

Ijumaa, 11 Julai

Ngazini. Nimempelekea blanketi kwa mkono wa Hayat. Asidhani ni kitu.

Jumatano, 16 Julai

Nilidhani ugomvi wote nimeumaliza, kumbe mkubwa ulikuwa jikoni.

Hayat alikuwa anasonga ugali. Nikamwambia, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia, kwamba si vyepesi hivi vitu. Watu wanakuuliza umemsamehe mtu maiti haijapoa, kama wanakuuliza saa. Akazima moto. Akageuka. Miaka kumi na moja sijamwona amegeuka vile.

"Mama, mimi ulinipa dakika ngapi?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa.

Siku ya maziko ya mwanangu, ni mimi niliyemkalia Hayat kichwani. Chumba hiki hiki. Nikamwambia sema umemsamehe, sema haraka, mwanangu asilale na deni. Alikuwa hajafuta uso. Akasema nimemsamehe. Nikamwambia sema kwa sauti wasikie. Akasema kwa sauti.

Na mwanangu alikuwa amemvunja mkono. Wa kushoto, mwaka mmoja kabla. Tulipofika kliniki, daktari akauliza, nikajibu mimi: ameteleza ngazini. Ngazi hizi hizi anazokalia Abdurahim. Hayat alikuwa amekaa ameshika mkono wake kama mkate, akanisikiliza nikisema, na siku ile ndipo aliponyamaza. Mimi nikamwita asiyesema.

Nilitaka kumwambia kitu. Akasema, "Ugali unaganda," akanipakulia.

Ijumaa, 25 Julai

Abdurahim ana kikohozi. Nimemwambia Hayat amwambie aende akapigwe picha ya kifua, si dawa, picha. Na asipoenda asikanyage ngazi zangu.

Ijumaa, 1 Agosti

Amekwenda. Kifua chake kizima. Ni vumbi la vitambaa na baridi ya saruji. Nimekaa kitandani kidogo nilipoambiwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwita Khawla. Amekuja mbio, hata kiatu kimoja hakufunga. Akaniinamia kunibusu mkono, nikauzuia, nikaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso wake. Baridi. Mzima. Nikamwambia babu yako alipendeza ile siku, sijawahi kuona mtu amependeza vile. Akalia akanilowesha bega lote.

Ijumaa, 15 Agosti

Ijumaa ya mwisho ya eda. Nimemwambia Hayat amfungulie.

Akaingia, akakaa palepale. Nikamsikia anatafuta pa kuweka kofia.

"Abdurahim."

"Naam, shemeji."

"Ungeniambia, ningempeleka hosipitali?"

Akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri, mwongo angejibu upesi.

"Sijui, shemeji."

"Na mimi sijui. Basi wewe nimekusamehe. Chai ni hiyo hapo mezani, na koti hilo ni lako, acha kulivaa kama la wizi."

Hakunishukuru. Alikunywa chai yote, nikasikia kijiko kinakwangua sukari ya chini.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo nimetoka eda.

Khawla amenikogesha, amenivisha gauni la kijani alilonishonea marehemu kwa ile harusi. Linanipwaya. Bega lilikuwa kumi na sita, sasa labda kumi na nne na nusu, na hakuna wa kulipunguza. Wanawake wamekuja wale wale, arubaini hawapungui. Nilitaka wawe wale wale. Nilikataa mbele yao, siwezi kukubali kichochoroni. Teresiah naye amekaa karibu na mlango na leso ya kuazima kichwani, imemkaa kama sufuria.

Nikasimama. Hakuna aliyeniuliza, wameshajifunza.

Nikasema, "Ubaid, ulinidanganya siku tano, na mimi nikakusaidia kunidanganya. Nimekusamehe. Nenda zako."

Wakaanza kulia na kusema Alhamdulillahi na kunyanyuka kunikumbatia. Nikawaambia wakae, sijamaliza. Hayat alikuwa mlangoni na sinia ya mahamri. Nikamwita katikati.

Nikawaambia wote kwamba mwanangu alimvunja huyu mkono, na daktari alipouliza mimi nikasema ameteleza. Na siku tulipomzika, nikamkamia mpaka akatoa radhi ambayo haikuwepo. Mtu mmoja akasema Bi Lela, haya ya nini leo. Nikamwambia nyamaza.

Nikamgeukia. "Hayat, mwanangu, nakuomba radhi."

Akasimama na sinia yake. Mkono wa kushoto, nikauona leo, unainua kidogo chini ya ule wa kulia. Ulikuwa hivyo siku zote.

"Bado, mama," akasema.

Wakamrukia. Hayat, mwenzio ameomba mbele za watu. Hayat, mama ni mtu mzima. Hayat, sema tu, neno ni jepesi. Yule aliyeniuliza ya sigara ndiye aliyepiga kelele zaidi.

Nikawaambia wamwache. Nikawaambia mimi nimepewa miezi minne na siku kumi kwa panadoli, yeye mkono mzima, hata mwaka ni kidogo, na atakayemwuliza tena ashuke ngazi na asirudi.  Nyundo za mafundi wa sufuria zikasikika kule chini.

Nikasogea kwenye mkeka akapata pa kukaa. Akaweka sinia chini, akakaa. Hakunitazama. Akachukua hamri, akalimega, nusu akala, nusu akaiweka kwenye sahani, upande wangu.